Sauti ya Abdulmajid Tusiyoipiga Leo

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Jina langu ni Blandina. Popote unapotusikia, dukani, jikoni au nyuma ya usukani, tumshukuru Mungu kwanza kwa kutufikisha saa hii. Wapo waliotamani kuifikia na hawakuifikia. Leo tunamkumbuka mmoja wao.

Anaitwa Abdulmajid. Nyumbani walimwita Majid. Alikuwa msanii wa hip hop, mmoja wa wale wasanii wa andagraundi ambao mtaa unawajua na redio haiwajui. Yeye na rafiki yake Manan waliunda kundi la watu wawili, Mita na Nusu. Walirekodi albamu moja tu. Albamu hiyo inaitwa Bei ya Jioni. Abdulmajid alifariki mwaka jana, kabla haijatoka.

Nianze na jambo moja, ili usije ukalisubiri bure. Katika kipindi hiki hutamsikia Abdulmajid akichana. Kwa kawaida tunapomkumbuka msanii tunaweka nyimbo zake. Leo hatutaweka sauti yake. Mama yake ameomba hivyo, na mama yake ndiye aliyetupokea nyumbani, akatukalisha, akatupa chai ya tangawizi. Kwa nini mama ameomba hivyo, hiyo ndiyo habari yenyewe. Nawaomba tuisikilize kwa upole, maana ndani yake kuna watu wawili walio hai ambao mpaka leo wanajilaumu.

Abdulmajid alizaliwa Kariakoo, Mtaa wa Swahili, katika nyumba ya babu yake. Baba yake alikuwa mbeba mizigo bandarini na alifariki watoto wakiwa wadogo. Mama yake, Bi Tatu, aliwalea yeye na dada yake Najma kwa cherehani. Alishona mashuka na foronya. Mpaka leo anashona. Tulipofika alikuwa na shuka mapajani, na hakuliweka chini muda wote aliokuwa akizungumza nasi.

Majid alipomaliza shule alitafuta kazi. Akaipata mlangoni. Nasema mlangoni kwa sababu kazi yenyewe ilikuwa kusimama mlangoni. Mtaa wa Uhuru kuna duka la vitambaa la Bwana Ravindra, na Bwana Ravindra alihitaji mtu wa kuita wateja. Unaijua Kariakoo ilivyo. Kila mlango una mtu anayeita. Asiyeita hauzi.

Wengine walitaja bei tu. Majid alitaja bei kwa vina.

"Dada wa kanga, mama wa kitenge, pita ndani upimiwe, bei isikutenge."

Siku moja sauti ikamjibu kutoka ndani ya duka.

"Mita nne za gauni, kilemba mita moja, ukipita mtaani wenzako watakungoja."

Aliyejibu alikuwa Manan, mtoto wa mwenye duka. Alikuwa nyuma ya kaunta na fimbo ya kupimia kitambaa mkononi. Majid akaingiza kichwa ndani amwone. Wateja wakacheka. Kuanzia siku hiyo mmoja aliita nje na mwingine alijibu ndani, na watu walikuwa wakisimama kusikiliza hata kama hawanunui.

Bwana Ravindra mwenyewe anasema, "Mimi nilimwajiri mtu mmoja wa kupiga kelele, nikajikuta ninao wawili. Huyu wangu nimemsomesha uhasibu. Nikamwambia, Manan, uhasibu unafundisha hayo? Lakini siku hizo tuliuza, siwezi kusema uongo."

Majid alikuwa mrefu sana. Manan ni mfupi. Najma anakumbuka jinsi kaka yake alivyokuwa akimchokoza mwenzake hapo nyumbani.

"Nusu, simama nikuone."

"Nimeshasimama."

"Basi panda kiti."

Jina la kundi likapatikana hapo. Mrefu akawa Mita. Mfupi akawa Nusu. Mita na Nusu.

Juu ya stoo ya duka kulikuwa na chumba kilichojaa majora ya vitambaa. Humo ndimo walimofanya studio. Hawakuwa na pesa za kuweka kuta za studio, wakayapanga majora yenyewe ukutani, khaki na satini na vitenge, mpaka sauti ikatulia. Manan alijifunza kurekodi kwa kutazama video kwenye simu. Maiki waliinunua ikiwa imeshatumika. Walirekodi mchana, saa za adhuhuri, jua linapokuwa kali na wateja wamepungua.

Albamu waliiita Bei ya Jioni. Mnaofanya biashara mnajua maana yake. Jioni inapofika, muuza nyanya hataki kurudi nazo nyumbani, anashusha. Na kuna watu wanaosubiri saa hiyo. Kuna mama hatoki kwake mpaka jioni, kwa sababu anajua bei ya asubuhi haiwezi. Nyimbo zote zilikuwa juu ya watu hao. Majid alimwambia dada yake, "Najma, mimi na wewe tumekuzwa kwa bei ya jioni."

Walipanda jukwaani mara chache. Mara ya kwanza ilikuwa Buguruni, kwenye uwanja nyuma ya gereji. Manan aliposhika maiki, kijana mmoja mbele akasema kwa sauti, "Haya, Mhindi naye anachana. Tutasikia bei ya tambi." Watu wakaangua kicheko. Majid akachukua maiki akasema, "Msikilizeni kwanza. Kicheko kipo, hakiozi." Manan akachana. Alipomaliza, yule yule wa tambi alikuja kumshika mkono.

Na nyumbani kwa Bi Tatu, Manan alikuwa mtoto wa tatu. Hali nyama, hali samaki, dini yao haimruhusu. Bi Tatu alimwekea sufuria yake peke yake, haijaguswa na kitoweo, na alimpikia humo maharage ya nazi. Alimwita Manani. Mpaka leo anamwita Manani.

Muziki, hata hivyo, Bi Tatu hakuupenda. Alinyamaza kwa sababu ya upendo, lakini hakuupenda. Hakuwahi kukanyaga studio. Hakuwahi kusikia wimbo wao hata mmoja mpaka mwisho. Majid akianza kuimbaimba jikoni, mama alikuwa anasema, "Hayo ya dukani yaache dukani."

Wasikilizaji wapendwa, Abdulmajid aliumwa figo. Ulianza uvimbe wa miguu. Alidhani ni kusimama sana mlangoni. Alipokwenda hospitali, figo zilikuwa zimekwisha kuchoka. Akaanza kusafishwa damu. Katika kipindi hicho hicho, nyimbo za mwisho za albamu zilikuwa bado hazijarekodiwa.

Alirekodi akiwa amekaa. Manan alimshushia maiki.

Manan anasema, "Nilimwambia tupumzike. Akasema tumalize huu kwanza. Leo sitaki kujitoa lawamani mbele za watu. Na mimi nilitaka tumalize. Nilimwona amechoka na nilitaka tumalize."

Wiki ya mwisho, Abdulmajid akiwa kitandani hospitalini, alisema maneno mawili kwa watu wawili. Nawaomba myashike yote mawili.

Kwa Manan alisema, "Imalize. Usiiache kama ndoo isiyo na mpini."

Kwa mama yake alisema, "Mama, nikiondoka, sauti yangu ipumzike. Nyimbo zisipigwe."

Kwa rafiki, imalize. Kwa mama, zisipigwe. Manan hakujua alichoambiwa mama. Mama hakujua alichoambiwa Manan.

Mimi si Mwislamu, na sitajifanya mwalimu wa dini ya watu. Nasema tu ninachokijua kama jirani. Msanii anapofariki katika familia ya Kiislamu, mara nyingi hapa mjini utasikia wazazi wakiomba nyimbo zake zisipigwe tena. Bi Tatu alinieleza hivi: "Mtu akifa, kinywa chake kimefungwa. Hawezi kusema samahani, hawezi kusema nimeacha. Sasa wewe unampigia sauti yake mtaani, watu wanacheza. Yeye atajiteteaje?" Alisema hivyo akiendelea kushona.

Nilimuuliza, "Mama, kwa nini hukumwambia Manan?"

Akaligeuza shuka. Kisha akasema, "Majid akiwa hai, kumwambia Manani ilikuwa kama kukubali kwamba mwanangu anakufa. Nilimjibu Majid, nyamaza, utapona. Baada ya kuzika, nilikuwa na hasira. Niliona ule muziki ndio uliomchosha, na Manani ndiye muziki. Alikuwa anakuja, anabeba maji, anapanga viti, mimi namtazama siwezi kumsemesha. Nikajiambia, acha arobaini ipite. Arobaini ikipita moyo utakuwa umepoa, nitamwita nimwambie."

Kwa hiyo mama alikuwa anasubiri arobaini.

Sasa tuende kwa Manan. Siku zile za msiba, kila mchana alipanda kule juu akamalizia albamu. Alijua nyumba ya msiba haipigiwi muziki. Alikuwa makini sana kwa hilo. Hata redio ya duka la baba yake aliizima. Akamuuliza Samson, rafiki yao mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo kwenye simu na memori kadi pale Msimbazi. Akamuuliza, "Samson, wenzetu hawa, mwisho wa msiba wao ni lini?"

Samson ni Mkristo. Alijibu kama ambavyo wengi wetu tungejibu. "Arobaini. Wakisoma hitima ya arobaini, matanga yameisha. Hapo hata muziki ruksa."

Samson hakudanganya. Ndivyo mtaa unavyojua. Lakini muziki wa watu wengine ni jambo moja. Sauti ya marehemu mwenyewe ni jambo jingine. Hilo Samson hakulijua, na Manan hakujua la kuuliza.

Tena kwao Manan ni tofauti. Bibi yake alipofariki, waliweka picha yake sebuleni, wakaivisha shada la maua, wakapiga zile nyimbo za ibada alizozipenda, kutwa nzima. Kwao kumpigia marehemu alichokipenda ni kumheshimu. Manan alijua kitu kimoja ambacho Majid alikipenda kuliko vyote. Na Majid alikuwa amemwambia, imalize.

Kwa hiyo Manan naye alikuwa anasubiri arobaini.

Mama anasubiri siku hiyo amwambie zisipigwe. Manan anasubiri siku hiyo hiyo azipige.

Siku ikafika. Turubai lilifungwa mtaani, kama kawaida. Wanaume wako nje, wanawake ndani. Hitima ikasomwa baada ya Alasiri. Dua ikaitikiwa. Masinia ya pilau yakatoka. Manan alikuwa anasaidia kuyabeba. Wali wake usio na nyama ulikuwa jikoni, kwenye ile sufuria yake, Bi Tatu mwenyewe aliupika asubuhi.

Manan alikuwa amemwambia Samson, "Ukiona masinia yametoka, dua imeisha. Hapo weka." Samson akaja na spika yake kubwa mpaka kona ya mtaa. Akaona masinia. Akaweka.

Najma alikuwa ndani na mama yake. Namnukuu Najma.

"Tulikuwa tunakula. Tukasikia kaka anaanza. Wimbo wa kwanza anaanza kwa kuita, kama alivyokuwa anaita dukani. Mama akaweka chini tonge. Akasimama, akafunga kanga yake vizuri, akaelekea mlangoni. Akasema, 'Majid anaita.' Yule shangazi aliyekaa karibu akamshika mkono. Mama akamtazama. Halafu nikaona usoni kwake amekumbuka."

Nje, Manan alikuwa amesimama na sinia mikononi. Anasema kwa muda mfupi alifurahi. Alikuwa anawatazama wazee usoni, anasubiri watambue. Wakatambua. Mzee mmoja akainamisha kichwa. Mwingine akaanza kusoma dua upya kwa sauti ya chini. Najma akatokea mlangoni.

"Manan, nani kaweka hiyo?"

"Mimi."

"Kazime. Nakuomba, kazime sasa hivi, mama hawezi kupumua."

Akakimbia. Akaizima spika kwa mkono wake. Samson akamwambia, "Mbona unazima? Watu wamependa. Nimewarushia kwenye simu karibu mtaa mzima."

"Umewarushia?"

"Si ulisema leo inatoka?"

Manan hakurudi chini ya turubai siku hiyo. Ule wali wake ulikaa jikoni mpaka asubuhi.

Wasikilizaji wapendwa, nimezungumza na wasanii wengi. Wote wanatafuta jinsi ya kueneza kazi yao. Manan ndiye msanii wa kwanza niliyemjua aliyezunguka Kariakoo kuomba kazi yake ifutwe. Alianza Msimbazi kwa Samson, akaenda Mtaa wa Congo, akapita Narung'ombe, kibanda kwa kibanda, kila mwenye spika, kila muuza memori kadi.

Mwanamke mmoja anayeuza ndoo na mabeseni alimwambia, "Wenzako wanatununulia soda tuwapigie. Wewe unatuomba tufute. Au unataka kuiuza upya?"

"Hapana, dada. Mwenzangu amefariki. Mama yake hataki."

"Sasa si ungemuuliza kabla?"

Manan anasema swali hilo aliulizwa na watu wengi. Hakuna aliyemuuliza kwa ubaya.

Alifika Buguruni kwa dereva wa bajaji ambaye watu walimwambia Manan kwamba anapiga ule wimbo wa kwanza siku nzima. Dereva akafuta mbele yake, akamwonyesha simu. Kisha akasema, "Tazama, nimefuta. Lakini ubeti wake wa pili nimeshaushika kichwani. Huo nao utaufutaje?" Alivuka hadi Kigamboni kwa mtu mmoja. Akarudi. Akajua nakala haziwezi kuisha. Simu moja inazaa simu nyingine.

Anasema, "Mpaka leo nikipita Kariakoo na spika ikianza kulia, nasimama. Nadhani ni sisi."

Wiki zikapita, Mtaa wa Swahili hafiki. Akitumwa upande ule, anazunguka kwa mtaa wa nyuma. Bi Tatu naye alikuwa anajua kwamba anazunguka. Majirani walimwambia. Hakumwita. Mama anasema, "Kila siku nilikuwa nasema kesho namwita. Nilikuwa na haya. Mtoto wa watu anazunguka mjini kufuta kosa ambalo nusu yake ni langu, na mimi nimekaa na cherehani."

Mwishoni Manan alikuja mwenyewe. Ilikuwa mchana. Alikuwa na diski mkononi, ile ya kuhifadhia kazi ya studio. Humo ndimo ilimokuwa albamu yenyewe, sauti ya kila mmoja mahali pake.

"Hodi."

"Karibu."

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Akakaa chini, kwenye mkeka. Akaweka diski mbele ya mama.

"Mama, zile za mtaani nimefuta nilizoziweza. Hii ndiyo mama yao. Hii ikiwepo, hazijafutika. Nimejaribu kuifuta, mkono unakataa. Nimekuletea wewe."

Bi Tatu akaitazama diski. Hakuigusa.

"Mimi ndiye niliyemzaa, Manani. Unanipa mimi nimfute?"

Manan akalia. Najma alikuwepo. Anasema hajawahi kumwona Manan akilia, hata siku ya kuzika. Mama akamwacha alie. Kisha akasema, "Na mimi nina langu." Akamwambia yote. Alichosema Majid hospitalini. Hasira. Kusubiri arobaini. Akasema, "Ningefungua mdomo siku moja tu kabla, yasingetokea. Nilikuona kila siku unabeba maji humu ndani, nikanyamaza."

Manan akafuta uso. Akasema, "Mimi aliniambia niimalize."

"Alikwambia hivyo?"

"Ndiyo, mama. Nisiiache kama ndoo isiyo na mpini."

Bi Tatu akacheka kidogo. "Hayo ni maneno yake kweli." Halafu akauliza, "Hiyo studio yenu iko wapi?"

"Juu ya stoo ya baba."

"Ngazi ni kali?"

"Kidogo."

"Makaburini wanawake hatuendi. Nilimuaga mwanangu hapa mlangoni. Huko nitakwenda. Utamtoa kwenye nyimbo, na mimi nitakuwepo."

Wakaenda wote watatu, Manan, Bi Tatu na Najma. Bwana Ravindra alipowaona akatoka nyuma ya kaunta, akamshika Bi Tatu mkono kwenye ngazi. Juu, Manan akamwekea mama kiti. Akazima spika zote, ili isisikike hata herufi. Akafungua kompyuta.

Kwa ambao hamjawahi kuona, sauti ikirekodiwa inaonekana kwenye kioo cha kompyuta kama mstari. Mtu akisema, mstari unapanda na kushuka. Akinyamaza, unalala. Manan akamwonyesha. Huu ni mdundo. Huu ni mimi. Huu ni Majid.

Bi Tatu akasogeza kiti. "Huyu ndiye yeye?"

"Ndiye, mama."

"Alikuwa hapumziki."

Manan akaanza. Wimbo wa kwanza, akaweka alama mstari wa Majid kuanzia mwanzo hadi mwisho, akabonyeza, ukatoweka. Mama akasema kitu kwa sauti ya chini, dua fupi. Wimbo wa pili, hivyo hivyo. Ukatoweka. Dua. Najma alikuwa ameshika jora la kitambaa ukutani, hatazami.

Wimbo wa tatu, mama akanyoosha kidole kwenye kioo.

"Hiki ni nini?"

"Kipi?"

"Hiki kidogo hapa. Kabla haya mengine hayajaanza kupanda."

Manan akatazama. "Hapo anavuta pumzi, mama. Anajiandaa kuanza."

"Hajasema neno?"

"Bado. Anavuta tu."

Bi Tatu akatazama kile kipande kwa muda mrefu. Manan anasema alikuwa ameshakiona mara nyingi sana na hakuwahi kukijali. Wanaorekodi hukikata na kukitupa, wimbo uwe safi.

"Hiyo si wimbo," akasema Bi Tatu. "Hiyo ni pumzi aliyopewa na Mungu. Haina kosa. Iache."

Manan akaweka alama upya. Akaanzia baada ya pumzi. Akabonyeza. Maneno yakaondoka. Pumzi ikabaki.

"Na zile mbili za mwanzo, umeshazitupa?"

"Naweza kuzirudisha."

"Rudisha pumzi tu."

Akarudisha. Wakaenda hivyo mpaka wimbo wa mwisho, ule aliorekodi akiwa amekaa. Hapo pumzi zilikuwa nyingi na za karibu karibu. Mama akaziona. Wote wawili walijua ni kwa nini, na kila mmoja alijua mwenzake anafikiri nini.

Hivyo ndivyo albamu ilivyomalizika, na hivyo ndivyo sauti ilivyopumzishwa. Wamemsikiliza Majid kwa maneno yake yote mawili. Lakini Manan bado hajajisamehe. Bi Tatu naye hajajisamehe. Niliwauliza wote. Mama alisema, "Namwomba Mungu kila sala. Nikimaliza, naanza tena." Manan alisema anapokula kwa Bi Tatu siku hizi, anaosha sufuria yake mwenyewe. Mama anamkataza. Anaosha.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa redioni, tunawapa pole Bi Tatu na Najma. Tunakupa pole Manan, na Bwana Ravindra, na wote waliopita mlango ule wa Mtaa wa Uhuru wakaitwa kwa vina. Mwenyezi Mungu ampokee Abdulmajid. Awape nguvu wanaobaki.

Nawaomba mambo mawili. Kama una nakala ya zamani ya Bei ya Jioni kwenye simu yako, ile yenye maneno ya Majid, ifute. Mama yake anakuomba. Hatakujua umefuta, lakini futa. La pili ni gumu zaidi. Katika nyumba yako kuna mtu unayemtazama anabeba maji, na una neno la kumwambia, na unangoja moyo upoe. Pengine naye ana lake, na anangoja siku hiyo hiyo. Kipindi kikiisha, inuka uende kwake. Usilale nalo. Nami nitamwombea kila anayeinuka, kwa kuwa najua si rahisi.

Sasa, kwa ruhusa ya Bi Tatu, tunaweka wimbo wa tatu wa Bei ya Jioni, kama ulivyobaki. Manan ataanza. Akimaliza ubeti wake, utamsikia mtu anavuta pumzi, mara moja. Baada ya hapo utasikia mdundo peke yake, kwa muda mrefu kidogo. Usiguse redio yako. Haijaharibika. Hapo ni zamu ya Majid.